Kibaba Kimekua: Bei na Mshahara katika Fasihi Tunayofundisha

Utangulizi

Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiulizwa ajadili dhamira za riwaya ya Kuli, jibu lake la kwanza hujulikana hata kabla hajashika kalamu: unyonyaji. Akiulizwa kuhusu tamthilia ya Kilio cha Haki, jibu ni lile lile: unyonyaji. Akifika kwenye Mstahiki Meya ataongeza ufisadi na uongozi mbaya, kisha atarudi kwenye unyonyaji. Jibu hilo si kosa, na kwa kawaida atapata alama zake. Lakini jibu moja linalozifaa kazi tatu zilizoandikwa katika vipindi tofauti, kuhusu watu tofauti, katika nchi mbili, haliwezi kuwa limeieleza hata moja kati ya hizo kwa ukamilifu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa uhakiki wetu wa fasihi ya wafanyakazi umesahau jambo moja la msingi, nalo ni bei. Katika madaftari yetu mfanyakazi ana mwajiri, lakini hana duka. Tunamwona akitukanwa na msimamizi, akikatwa mshahara, akigoma. Hatumfuati jioni anapopita sokoni na ujira wake mkononi. Matokeo yake ni kwamba tunajua nani anamdhulumu, ila hatujui kwa nini dhuluma aliyoivumilia kwa miaka kumi ilimshinda mwaka ule na si mwaka mwingine. Nitaanza na lugha yenyewe, niende kwenye methali, kisha kwenye maandishi. Mwisho nitaeleza kwa nini suala hili linawahusu hasa wanafunzi wetu wanaojiandaa kuwa walimu.

Msamiati wa kazi ni msamiati wa chakula

Sisi ni walimu wa lugha kwanza, kwa hiyo tuyasikilize maneno. Neno mshahara lina asili ya Kiarabu na linatokana na neno lenye maana ya mwezi. Ni malipo ya mwezi, na kila anayelipwa hivyo anajua kwamba ugumu wake uko hapo hapo: mwezi una siku 30, na fedha haina desturi ya kuhesabu siku. Neno kibarua ni udogo wa barua. Katika Zanzibar ya karne ya 19 mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake. Jina likahama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kazi, na kutoka kwenye kazi hadi kwa mtu mwenyewe. Neno kuli limetujia kutoka Bara Hindi, na wanaisimu wengi wanalihusisha na neno la Kitamil lenye maana ya ujira. Kama ni hivyo, mchukuzi wa bandarini anaitwa kwa jina la malipo yake, hata kabla hatujaambiwa jina alilopewa na mama yake.

Neno posho linafundisha zaidi. Wapagazi wa misafara na askari walipewa posho, yaani chakula cha siku au fedha ya kukinunulia. Hapa Uganda neno hilo likabaki jikoni: posho ni kile chakula cha unga wa mahindi ambacho mtoto wa shule ya bweni hula na maharage karibu kila siku ya muhula. Tanzania neno hilo likaingia ofisini: posho ni malipo ya kikao au ya safari. Mwanafunzi wa Kampala akisoma gazeti la Dar es Salaam linaloandika kuwa wabunge wanajadili posho zao, huenda akadhani wanajadili chakula cha mchana. Akidhani hivyo hajapotea mbali. Neno ni lile lile, na historia yake ni ile ile ya mtu kulipwa kile atakachokula.

Halafu kuna kijungujiko. Mshahara wa kijungujiko ni ule unaotosha kuinjika chungu tu, usiobakiza cha kesho. Mtu akipoteza kazi tunasema amemwaga unga. Maslahi yake yakiharibiwa, kitumbua chake kimeingia mchanga. Unga, chungu, kitumbua: Kiswahili hakikusubiri wachumi kuja kukieleza kwamba mshahara hupimwa kwa kile unachoweza kupika. Wenye lugha walilijua hilo zamani. Inashangaza basi kwamba tunapoingia darasa la fasihi tunaliacha jiko nje na kuanza kuzungumzia ujira kana kwamba ni tarakimu zisizonunua kitu.

Haba na haba, na kibaba kisichotulia

Tuje kwenye methali. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua haba na haba hujaza kibaba. Vitabu vya kiada huieleza kwa sentensi moja: vitu vidogo vidogo vikikusanywa huwa vingi, kwa hiyo tuweke akiba. Mtahini huuliza maana na funzo, mwanafunzi huandika maana na funzo, na mambo huishia hapo.

Lakini kibaba ni kipimo. Ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Methali hii ina sharti ambalo halikutamkwa: kwamba wakati wewe unajaza, kibaba chenyewe kimetulia. Ukidondosha punje leo na punje kesho, siku moja kitafurika, kwa sababu ukubwa wake haubadiliki. Ndani ya dunia ya mkulima mwenye ghala lake, sharti hilo lina mashiko. Ndani ya dunia ya mpokea mshahara halina. Yeye anaongeza haba na haba, na kibaba kinakua. Mwaka aliokusanya fedha ya mabati kumi, fedha hiyo inanunua mabati saba. Hakuwa mvivu wala mbadhirifu. Kilichobadilika ni chombo alichokuwa akikijaza.

Sokoni tunaliona jambo hili kwa namna nyingine. Mwuza nyanya hapendi kumtajia mteja wake wa siku zote bei mpya. Anaiacha bei ile ile, ila fungu linapungua: nyanya tano zinakuwa nne, nne zinakuwa tatu zenye moja ndogo iliyowekwa chini. Mkate nao unabaki na bei yake lakini unakuwa mwepesi mkononi. Mama wa nyumbani anaisoma lugha hiyo bila kufundishwa. Mhakiki naye angepaswa kuisoma.

Chukua pia mchumia juani hulia kivulini. Tunaifundisha kama sifa ya bidii. Ni kweli kwa mtu anayechuma shambani mwake. Kwa kibarua wa shamba la mwingine, methali hiyo inahitaji kuulizwa swali: aliyechuma juani na anayekula kivulini ni mtu mmoja? Au kazi mbi si mchezo mwema, ambayo siku hizi kijana aliyemaliza chuo huambiwa na wazee wake anapokataa kazi ya malipo duni. Methali inasema kweli kuhusu uvivu, lakini haina neno kuhusu kazi ambayo nauli ya kwenda na kurudi inameza nusu ya malipo yake.

Sisemi kwamba methali zetu ni za mabwana. Lugha iliyotupa hizo ndiyo iliyotupa pia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ukiona vyaelea vimeundwa, ambayo ni heshima kubwa kwa mikono ya mafundi. Hoja yangu ni kwamba methali haisemi peke yake. Ina msemaji, ina msemwa, na ina wakati wake. Subira huvuta heri ikitoka kwa mama kwenda kwa mwanawe mgonjwa ni faraja. Ikitoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi miwili, imekuwa kitu kingine kabisa, ingawa hakuna silabi iliyobadilika.

Kwa nini 1948?

Sasa tuangalie riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979. Inahusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar, na mgomo unaosimuliwa humo una mizizi katika mgomo wa kweli ulioanza bandarini Agosti 1948 na kuenea mjini hadi ukawa mgomo mkuu. Uhakiki tuliouzoea humfuata Rashidi, kijana wa tabaka la chini, anavyoamka kifikra hadi kuelewa nguvu ya umoja. Ni usomaji mzuri, na umewafaa wanafunzi wengi. Lakini una swali ambalo haulijibu. Kazi ya kubeba mizigo ilikuwa ngumu tangu zamani. Malipo yalikuwa madogo tangu zamani. Kama chanzo cha mgomo ni unyonyaji, na unyonyaji ulikuwapo siku zote, kwa nini 1948?

Historia inatupa sehemu kubwa ya jibu. Zanzibar ilitegemea sana mchele wa kutoka nje, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, na njia hiyo ikakatika. Chakula kikawa cha mgao. Nguo na bidhaa nyingine za meli zikaadimika. Vita viliisha mwaka 1945, lakini bei hazikurudi zilikokuwa, na mshahara haukuzifuata. Aliyekaa Ng'ambo na kufanya kazi bandarini alikuwa akivipakua kwa mgongo wake vitu ambavyo yeye mwenyewe hakumudu kuvinunua.

Wala Zanzibar haikuwa peke yake. Hapa Uganda wafanyakazi waligoma Januari 1945, wakidai nyongeza ya mshahara kwa sababu ya bei za wakati wa vita. Mombasa iligoma Januari 1947. Mwaka huo huo wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma. Ndani ya miaka isiyozidi minne, miji ya Afrika Mashariki yenye waajiri tofauti na tawala tofauti ilitikisika kwa mfululizo. Unyonyaji wa kila mahali ulikuwa na sura yake. Kilichokuwa kimoja ni bei.

Umuhimu wa jambo hili kwa mhakiki ni huu. Ploti haitokani na hali isiyobadilika. Ploti hutokana na badiliko. Unyonyaji peke yake ni hali, unaweza kudumu miaka mia bila kuzaa kisa. Bei inapopanda na ujira ukabaki palepale, hali hiyo inapata mwendo: jana chungu kiliinjikwa, leo hakikuinjikwa, na hapo ndipo mtu mpole huanza kusikiliza maneno ya mkutano ambayo mwaka uliopita aliyapita bila kugeuka. Mwamko wa wahusika, ambao tunaufundisha kana kwamba umeshuka kichwani kama radi, una tumbo chini yake. Nakubali kwamba njaa peke yake haileti mgomo. Njaa huleta pia wizi, unafiki na kukata tamaa. Ndiyo maana riwaya inahitaji chama, marafiki na mafunzo. Lakini ukitoa bei ukabakiza mafunzo tu, unabaki na mhusika aliyeshawishiwa na hotuba, na hotuba hazina nguvu kiasi hicho.

Lanina, na mstari tuliouchora wenyewe

Tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui ilitoka mwaka 1981. Mwaka uliofuata mwandishi alitiwa kizuizini. Mhusika wake mkuu, Lanina, ni mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mzungu kudai haki zao, na anapambana pia na wanaume wasiotaka kuongozwa na mwanamke, akiwamo wa nyumbani mwake.

Madaftari ya wanafunzi huigawa tamthilia hii katika vichwa viwili: kwanza unyonyaji wa wafanyakazi, pili nafasi ya mwanamke katika jamii. Kila kichwa hupewa aya yake, na aya hizo hazisalimiani. Kwa maoni yangu mstari huo tumeuchora sisi wahakiki, haumo katika kisa. Katika familia nyingi za wafanyakazi mwanamke ndiye anayegeuza mshahara kuwa chakula. Mume anaweza kuujua mshahara kama tarakimu. Mke anaujua kama unga, mafuta, kuni na ada ya shule, na anajua ni siku gani ya mwezi utakwisha. Yeye ndiye wa kwanza kugundua kwamba nyongeza iliyosherehekewa mwaka jana imekwisha kuliwa na bei. Mwanamke anayefanya kazi ya ujira na kisha kupika nyumbani anaziona ncha zote mbili za hesabu. Hivyo si ajabu kwamba kiongozi wa mgomo ni Lanina. Uongozi wake na madai ya ujira ni jambo moja lililotazamwa kutoka milango miwili.

Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotoka mwaka 2009 na kuwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, inatuongezea upande wa tatu. Mwajiri hapa si mzungu wala kampuni. Ni baraza la mji wa Cheneo. Wafanyakazi wanadai mishahara, zahanati haina dawa, na wakati huo huo meya anajiandaa kwa matumizi makubwa kuwapokea wageni. Wanafunzi huandika ufisadi, na ni kweli. Lakini angalia muundo wa mgogoro: fedha inasemekana haipo, kisha inaonekana ipo kwa jambo jingine. Swali la tamthilia si kama mji ni maskini. Swali ni nani hukaa mezani siku ya kupanga matumizi. Zahanati isiyo na dawa nayo ni kupanda kwa gharama za maisha kwa jina jingine, kwani dawa iliyokosekana bure hospitalini itanunuliwa dukani, kutoka katika mshahara ule ule ambao haujalipwa.

Mwaka 2022 nje ya darasa

Msomaji anaweza kuuliza haya yote yanatuhusu nini sisi tulio mbali na bandari na mashamba ya walowezi. Yanatuhusu kwa karibu. Mwaka 2022 bei zilipanda nchini Uganda kwa kasi ambayo wanafunzi wetu wengi hawakuwa wameiona. Lita moja ya petroli mjini Kampala ilipita shilingi 6,000. Mche wa sabuni ya kufulia ulipanda kuliko vitu vingi, kwa sababu sabuni hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, na mafuta ya kupikia ya dunia nzima yalikuwa yamevurugwa na vita vya Ukraine na pia na Indonesia, iliyosimamisha kwa wiki kadhaa, kuanzia Aprili mwaka huo, kuuza mawese nje. Kufikia Oktoba mfumko wa bei wa mwaka ulifika asilimia 10.7. Mfano wa mchele wa Burma mwaka 1942 si wa kale kama unavyoonekana. Sabuni ya mama wa Mbarara ilipandishwa bei na mambo yaliyotokea ng'ambo ya bahari, kama ulivyopandishwa wali wa mchukuzi wa Zanzibar.

Tukumbuke pia kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria hapa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo mwaka 2022 kima hicho cha mwezi mzima hakikutosha lita moja ya petroli. Huo ndio mfano wa wazi kuliko wote wa haba iliyosimama na kibaba kilichokua.

Katika sherehe za Mei Mosi mwaka huo, Rais Museveni aliwashauri wanaokosa mkate wale muhogo. Ushauri huo ulichekwa na wengi na kutetewa na wengine. Mimi nautazama kama mwalimu wa fasihi simulizi: ni usemi wa mapokeo ya methali zetu za kubana matumizi, unaomtaka mwenye nyumba abadilishe chakula. Una busara yake, kwa maana muhogo ni chakula chetu. Lakini una lile sharti lisilotamkwa tuliloliona kwenye kibaba, kwamba muhogo utabaki na bei yake wakati kila mtu anaukimbilia. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza nani anasema, kwa nani na lini, angeweza kuuchambua usemi huo kwa heshima na kwa ukali unaostahili, bila kuhitaji matusi.

Na kuna lililotugusa zaidi. Kuanzia mwaka wa fedha uliofunguliwa Julai 2022, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari za serikali alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwalimu wa masomo ya sanaa mwenye shahada kama hiyo alibaki na kiasi kilichokuwa karibu robo yake. Juni walimu waligoma kupitia chama chao. Na tazama tarehe: Julai 5 mwaka huo huo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na Julai 7 dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO. Kiswahili ni somo la sanaa. Katika mwezi mmoja lugha ilipandishwa hadhi, na mwalimu wa kuifundisha akaachwa pale alipokuwa, huku sabuni, nauli na unga vikienda juu. Sishangai kwamba madai hayo yalirudi tena mwaka 2025.

Pingamizi mbili

Ziko pingamizi mbili ninazozitarajia. Ya kwanza itasema fasihi si uchumi, na kwamba kuhesabu bei ndani ya riwaya ni kuua sanaa. Najibu kwamba bei ni sehemu ya fani. Mwandishi anapotaja alichonunua mhusika, alichokiacha dukani, nani alikula mwisho na nani alijifanya ameshiba, hapo ndipo anapojenga uhalisia. Mhusika asiye na bei ya kitu chochote ni mhusika bapa, hata akipewa hotuba tano. Kumsoma pamoja na matumizi yake ni kuisoma sanaa kwa makini zaidi.

Ya pili itatoka kwa wale waliosoma miaka ya 1970 na 1980, na itasema kwamba haya si mapya: wahakiki wa kimaksi walikwisha kutufundisha kuutazama uchumi ndani ya fasihi. Ni kweli, na tunawashukuru. Lakini walichotupa kama chombo cha kuchunguzia, darasa limekigeuza kuwa jibu la kukariri. Matabaka, unyonyaji, mapinduzi: mwanafunzi huyapanga maneno haya kama matofali bila kuuliza ndani ya nyumba mnaishi nani. Kurudi kwenye bei ni kukirudishia chombo hicho makali yake.

Hitimisho na mapendekezo

Kwa kuhitimisha, napendekeza mambo matatu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuyajaribu bila kusubiri mtaala mpya. Mosi, kabla ya kuuliza dhamira za kitabu, mwanafunzi aandike daftari la matumizi la mhusika mmoja: kila mahali katika kitabu panapotajwa ujira, chakula, kodi ya nyumba, deni, dawa au ada, apaorodheshe pamoja na ukurasa. Baada ya hapo aulizwe ni wapi hesabu ilivunjika, na nini kilitokea katika kisa kurasa chache baadaye. Pili, methali za kazi na akiba zifundishwe pamoja na msemaji wake. Swali la mtihani lisiishie kwenye maana na funzo. Liulize pia ni nani anaweza kuitumia, kwa nani, na katika hali gani itakuwa faraja au kejeli. Tatu, msamiati wa kazi ufundishwe na historia yake. Mwanafunzi anayejua safari ya neno posho kutoka mgongoni kwa mpagazi hadi sahani ya shule yake hatalisahau.

Faida ya mapendekezo haya haiishii kwenye mtihani. Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa walimu. Watapokea hati ya mshahara, wataambiwa wasubiri, wataambiwa haba na haba, na baadhi yao watajilaumu wao wenyewe wakifikiri hawajui kupanga matumizi. Mtu aliyejifunza kusoma hesabu ya Rashidi na ya Lanina anaweza kuisoma na yake. Ataweza kutofautisha uzembe wake mwenyewe na kibaba kilichokua, na atakapodai, atadai kwa lugha iliyo wazi yenye tarakimu ndani yake. Tukimpa neno unyonyaji peke yake, tumempa alama za mtihani, na siku ya tarehe 20 ya mwezi neno hilo halitamsaidia kuinjika chungu wala kueleza kwa nini hakikuinjikwa.